Mlima ni wa bure, ploti ndiyo ya pesa

Kama umewahi kulala mjini Malaba usiku wa mvua kubwa, kisha ukaamka alfajiri kabla madereva wa malori hawajawasha injini, bila shaka unayajua ninayotaka kuyasema. Unafungua dirisha, na pale ambapo jana yake palikuwa na ukungu mtupu, unauona Mlima Elgon umelala upande wa kaskazini-mashariki kama ng'ombe mkubwa aliyeshiba. Ukigeuza shingo upande wa magharibi unauona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake nchini Uganda. Milima miwili, nchi mbili, na hujalipa hata senti.

Ni hapo ndipo watu wengi hufanya kosa. Mtu akiisha kuona vile hurudi Nairobi, Kisumu au Mombasa akiwa na neno moja tu kinywani: nitajenga pale. Huanza kutafuta dalali. Nami siwacheki watu hao, kwa sababu hata mimi nilikuwa mmoja wao, na nusura niitupe akiba ya familia yangu kwa ajili ya dirisha moja.

Makala haya basi ni kwa ajili yako wewe unayetaka kupanga au kununua mahali pa kuishi huku mpakani, na moyoni una tamaa ya kuamka ukiuona mlima. Tamaa hiyo si mbaya hata kidogo. Lakini wahenga walituonya kwamba macho hayana pazia. Macho huona kila kitu na kukitaka. Kazi ya kupima ni ya akili.

Mama aliyetaka kuona Masaba

Jambo lenyewe lilianza nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi ameishi maisha yake yote upande wa Sirisia, karibu na miguu ya Elgon, mlima ambao sisi Wabukusu na ndugu zetu Wagisu wa Uganda tunauita Masaba. Baada ya baba kuaga dunia, miguu ya mama ilianza kumsumbua na presha ikapanda. Daktari akasema asiishi peke yake tena. Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga nyumba mjini Busia, katika ghorofa ya juu kabisa, ambako asubuhi njema mlima ulionekana kwa mbali juu ya mapaa ya mabati.

Mama alikubali kuja, lakini kwa shingo upande. Asubuhi ya kwanza alimkuta mke wangu jikoni akamwuliza, "Mwanangu, Masaba iko upande gani wa nyumba hii?"

Mke wangu akampeleka dirishani. Mama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi hapa nitakaa. Nikiamka bila kuuona mlima ule, sijui niko wapi."

Hazikupita siku nyingi kabla ya mafundi kuanza kumwaga zege katika ploti ya jirani. Ghorofa ya kwanza ikapanda, kisha ya pili. Ilipofika ya tatu, dirisha letu likawa linatazama ukuta wa matofali na nguo za watu zilizoanikwa. Mama hakulalamika. Aliacha tu kwenda dirishani, na siku moja nikamsikia akimwambia mjukuu wake kwamba kufunga macho na kuyafungua kumekuwa jambo lile lile kwake.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta ploti. Mimi nilitaka Malaba, ambako mlima uko karibu zaidi. Mke wangu alitaka tubaki Busia, karibu na hospitali ya rufaa ya kaunti ambako mama alikuwa akienda kliniki kila mwezi.

"Baba watoto," aliniambia, "mlima hauchoti maji wala haupimi presha."

Nilimjibu kwa ukali, jambo ambalo ninalijutia hadi leo.

Unaona nini hasa?

Kabla sijakueleza tulivyomaliza ugomvi huo, yafaa ujue unachokitafuta. Watu wengi wakisikia neno mlima hufikiria Kilimanjaro wenye mita 5,895 ukiwa na kofia nyeupe, au vilele vyenye ncha vya Mlima Kenya vinavyofika mita 5,199. Elgon si mlima wa namna hiyo. Kilele chake kirefu zaidi kiitwacho Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, kina mita 4,321. Ni volkano kuukuu iliyozimika zamani sana, na kitako chake kina upana wa kilomita zipatazo 80. Kwa sababu ya upana huo, Elgon haionekani kama mkuki bali kama sinia kubwa lililofunikwa. Wageni wengi huutazama wakauliza, "Mlima wenyewe uko wapi?" kumbe unawatazama.

Sasa jaribu kipimo hiki, nacho hata mtoto wa shule anaweza kukifanya. Nyoosha mkono wako mbele kabisa na uinue kidole kimoja kwa ulalo. Kutoka Busia, kilele cha Elgon kiko umbali wa kilomita zinazokaribia 90, na urefu wote wa mlima huo machoni pako hautazidi sana unene wa kidole hicho. Kutoka Malaba ni kilomita 60 na ushee, na hapo utahitaji karibu vidole viwili. Mwamba wa Tororo una mita 1,483 tu juu ya usawa wa bahari, lakini kwa kuwa uko kilomita kama kumi na moja tu kutoka Malaba, nao hupata kidole chake kimoja. Ndiyo maana mwamba huo mdogo huonekana machoni kama mwenziwe wa mlima mkubwa.

Upande wa kusini mwa Busia kuna vilima vya Samia, karibu na Funyula na Sio Port, ambako Wasamia walisifika tangu zamani kwa ufuaji wa chuma. Huko unaweza kupata ploti yenye kilima nyuma na Ziwa Viktoria mbele. Na upande wa kaskazini, kupita Malaba na Amagoro, kuna vilima vya Chelelemuk na mwamba wa Kakapel wenye michoro ya kale. Serikali ilitangaza Kakapel kuwa turathi ya kitaifa mwaka wa 2004. Wanasayansi waliochimba hapo wamekuta dalili za watu waliokaa chini ya mwamba huo tangu miaka 9,000 hivi iliyopita, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2024 walieleza juu ya kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Kwa hiyo, usidhani wewe ndiwe wa kwanza kuchagua makao huku kwa kutazama mlima. Wenzako walitangulia. Lakini kumbuka kwamba wao walichagua mwamba uliowakinga mvua, wala si uliowapendeza macho tu.

Hesabu ya ukuta wa jirani

Haya, turudi kwenye lile ghorofa lililotufunga macho. Nilipokaa chini na karatasi na kalamu niligundua kwamba jambo lile lilikuwa lazima litokee.

Mlima wenye kimo cha kidole kimoja au viwili huzibwa na kitu kidogo sana. Ukiwa umesimama katika veranda yako mjini Malaba, mstari kutoka jicho lako hadi kilele cha Elgon hupanda kwa takribani mita nne na nusu katika kila mita 100. Maana yake ni kwamba nyumba ya ghorofa moja yenye kimo cha mita sita, ikijengwa popote ndani ya mita 100 mbele yako, itaumeza mlima wote. Mjini Busia hali ni mbaya zaidi. Huko mstari hupanda mita tatu hivi tu katika kila mita 100, kwa hiyo nyumba hiyo hiyo itaufunika mlima hata ikiwa mita 150 kutoka kwako.

Na usisahau mikaratusi. Wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya hupenda kuipanda kwa sababu hukua haraka na kuuzwa kwa miti ya stima na ya ujenzi. Mti wa mita 20 unaweza kukuzibia kilele ukiwa umbali wa mita 400 kutoka Malaba, na hata mita 600 kutoka Busia. Miche iliyo chini ya goti leo itakuwa juu ya paa lako kabla kifungua mimba wako hajamaliza shule ya msingi.

Basi unapotazama ploti, usitazame mlima. Tazama kilichoko kati yako na mlima. Je, ni bonde la mto ambalo halijengwi? Ni shamba la mtu mmoja au limekatwakatwa vipande? Kuna vigingi vya kupimia? Ploti iliyo kwenye mteremko unaoinamia kaskazini-mashariki ni bora kuliko iliyo mahali tambarare, kwa kuwa nyumba ya jirani wa mbele itakuwa chini yako. Mjini penyewe, iwe Busia au Malaba, ni afadhali ukubali tangu mwanzo kwamba mlima huo ni wa kuazima. Miji ya mpakani hukua kwenda juu.

"Nitamshtaki," utasema. La hasha! Kuna kesi moja mashuhuri ya Uingereza ya mwaka wa 1610. Bwana mmoja aitwaye William Aldred alimshtaki jirani yake aliyejenga zizi la nguruwe karibu na nyumba yake. Mahakama ilimpa haki juu ya uvundo wa nguruwe, lakini ilieleza wazi kwamba mandhari mazuri ni jambo la kufurahisha tu, na kuyakosa si sababu ya kumshtaki mtu. Sheria za Kenya zina mizizi yake huko. Njia iliyopo ni ya maelewano. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inaruhusu majirani kupeana haki fulani juu ya ardhi zao kwa maandishi na kuzisajili. Ukipata jirani mwungwana atakayekubali kwa malipo kutojenga ghorofa katika sehemu fulani ya shamba lake, nenda kwa wakili mkaandikiane. Maneno ya mdomo hufa pamoja na waliyoyasema, au hufutwa siku shamba linapouzwa.

Dalali ajua saa

Dalali wetu alikuwa kijana mcheshi sana. Alitupigia simu jioni moja baada ya mvua kubwa, akatuambia tuwe Malaba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tusichelewe. Tulifika, bodaboda zikatupeleka hadi kwenye ploti. (Kwa faida ya wanafunzi, ni huku huku mpakani ambako jina la bodaboda lilizaliwa katika miaka ya 1960, wakati wenye baiskeli walipokuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi nyingine.)

Mlima ulikuwa wazi kama umeoshwa kwa sabuni. Tororo nao ulikuwa unang'aa kwa jua la asubuhi. Mama, tuliyemleta naye, aliketi juu ya jiwe akanyamaza. Nilitoa daftari langu la hundi pale pale. Mke wangu akanigusa mkono akasema kwa sauti ya chini, "Turudi tena saa nane mchana."

Tulirudi. Mlima haukuwapo. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu yake kuanzia kitako hadi kilele, na barabarani vumbi la matrela lilikuwa limetanda. Dalali alisema tumekuja saa mbaya. Ndipo nilipoelewa kwamba yeye aliijua saa nzuri tangu mwanzo.

Hilo ni jambo la kawaida katika milima mirefu. Asubuhi hewa hutulia na kilele huonekana. Jua likipanda, hewa yenye unyevu hupanda pia kwenye miteremko na kuwa mawingu. Aidha, kuanzia Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kuuficha mlima siku nyingi mfululizo. Siku za mvua, asubuhi inayofuata usiku wa mvua ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa hiyo nakushauri utembelee ploti angalau mara tatu: alfajiri, mchana wa jua kali, na siku moja ya Januari. Kama bado unaipenda baada ya Januari, basi unaipenda kweli.

Tazama pia jua litakavyoingia. Huku tuko karibu sana na ikweta, hivyo kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua zaidi. Dirisha linaloutazama Elgon litapata jua pole la asubuhi, nalo ni zuri kwa chumba cha mzee au cha mtoto. Dirisha linaloutazama Tororo kutoka Malaba litapata jua la alasiri lenye ukali wake, na chumba kitakuwa tanuri wakati wa kulala. Mwambie fundi arefushe upenu upande huo, au panda mti mfupi wa kivuli.

Isitoshe, mahali pa juu penye mandhari ndipo pia penye radi. Eneo hili lote la Ziwa Viktoria hupigwa sana na radi. Nyumba iliyo pekee kileleni mwa kilima iwekewe kinga ya radi na mtu anayeijua kazi hiyo.

Karibu mno si heri

Huenda ukajiuliza, kama mlima ni mzuri hivyo, mbona usiende kukaa pale pale kwenye miteremko yake? Swali zuri, na jibu lake ni la huzuni.

Miteremko ya Elgon ina udongo wenye rutuba na mvua nyingi, na ndiyo sababu watu wamejaa huko. Lakini udongo ule ukilowa sana na miti ikiwa imekatwa, huteremka. Tarehe 1 Machi 2010, maporomoko yalifunika kijiji cha Nametsi wilayani Bududa, upande wa Uganda. Miili ipatayo mia moja ilipatikana, na wengine wengi hawakuonekana tena. Oktoba 2018 Bududa ililia tena, na Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Kwa hakika, mlima hupendeza zaidi ukiwa mbali nao kidogo.

Mlima hutufikia kwa njia nyingine pia. Mito ya Malaba na Malakisi huanzia huko Elgon. Mvua ikinyesha mlimani usiku, mto unaweza kujaa huku chini hali kwako hakukunyesha tone. Ukivutiwa na ploti iliyo kando ya mto, waulize wazee wa kijiji maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, wala usimwulize muuzaji. Pia ujue kwamba kando ya mto kuna sehemu isiyoruhusiwa kujengwa, ambayo huwa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingoni.

Karatasi kwanza, mandhari baadaye

Sasa nikuambie jinsi tulivyoponea chupuchupu. Mke wangu alisisitiza twende kwenye ofisi ya ardhi kutafuta rekodi za ploti ile ya Malaba kabla ya kutoa hata shilingi. Tulipopata matokeo, tulikuta shamba bado liko kwa jina la babu wa muuzaji, ambaye alikuwa amefariki zamani. Urithi haukuwa umeshughulikiwa mahakamani. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wake. Kumbe kulikuwa na ndugu wengine watano waliokuwa na haki sawa katika shamba hilo, na wawili kati yao hawakujua kwamba linauzwa.

Msomaji, kama ningeandika hundi asubuhi ile ya mlima ulioshwa, leo ningekuwa mahakamani na mama yangu angekuwa bado anatazama ukuta.

Basi shika haya. Fanya uchunguzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali. Kama ni shamba la kilimo, lazima mpate idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yafanywe katika muda wa miezi sita tangu mlipoandikiana. Mtumie mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe mipaka kwa macho yako. Uliza kwenye ofisi ya mipango ya kaunti kama kuna barabara itakayopita hapo. Na kwa ndugu zetu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema kwamba asiye raia anaweza kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu, hawezi kuimiliki moja kwa moja. Hilo ni muhimu sana mahali kama hapa ambapo Wateso, Wasamia na Wabukusu wana ndugu pande zote mbili, kwa kuwa ndugu hawa walikuwako kabla ya mpaka wenyewe. Hadi mwaka wa 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Chunguza pia barabara. Malaba na Busia ni malango ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka wa 2020, madereva walipokuwa wakipimwa mpakani, foleni ya malori ilirefuka kwa makumi ya kilomita. Ukijenga kando ya barabara kuu, usishangae siku moja ukifungua dirisha na kukuta trela limeegeshwa kati yako na Elgon, na dereva wake anapika ugali chini ya kivuli chake.

Tulikoishia

Mchagua nazi hupata koroma, na sisi tulikaribia kulipata koroma letu. Baada ya mambo hayo yote nilimwomba mke wangu radhi, kisha tukaketi sote watatu, pamoja na mama, tukaandika kwenye karatasi vitu tunavyovihitaji. Maji. Hospitali. Shule ya watoto. Hati safi. Mlima tukauandika wa tano. Mama ndiye aliyesema uandikwe wa tano.

"Lakini usiufute," alituambia.

Tulipata ploti ndogo upande wa Alupe, kwenye barabara inayotoka Busia kwenda Malaba. Wakazi wengi wanapajua Alupe kwa ile hospitali ya zamani ya wakoma, na siku hizi pana chuo kikuu. Kutoka hapo hadi kliniki ya mama mjini Busia ni safari fupi ya matatu. Kuna kisima kizuri. Ardhi inateremka kidogo upande wa kaskazini-mashariki, na mbele yetu kuna shamba la jirani mzee ambaye hupanda mahindi na mihogo. Tulizungumza naye juu ya mikaratusi. Alicheka sana, akasema hajawahi kusikia mtu akinunua hewa, lakini alikubali, na wakili akaliandika.

Nyumba si kubwa. Veranda haiutazami mlima, kwa sababu lango na barabara viko upande mwingine. Sebule pia haiutazami. Ni vyumba viwili tu vilivyo na mlima: jiko, na chumba cha mama. Wageni wakija kutoka Nairobi huuliza, "Mlisema mna mlima, uko wapi?" Nasi huwapeleka jikoni.

Si kila siku unaoneka. Januari nzima inaweza kupita tukiuona mara chache tu. Lakini juma lililopita, baada ya usiku wa mvua, nilipita mlangoni pa mama alfajiri nikamwona ameketi kitandani, mkono wake ameunyosha mbele na kidole kimoja ameinua kwa ulalo, kama nilivyomfundisha.

"Mama, unapima nini?" nikamwuliza.

"Masaba," akanijibu bila kugeuka. "Kule Sirisia haukuwa ukitosha kwenye mikono yangu yote miwili. Hapa ni kidole kimoja." Kisha akaushusha mkono wake mapajani. "Kidole kimoja kinanitosha, mwanangu. Nenda ukamwambie mke wako chai yangu isiwe na sukari nyingi, leo ni siku ya kliniki."

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nami ningeongeza kwamba si dirisha pia. Kwa hiyo, msomaji wangu, njoo Busia, njoo Malaba, utazame mlima alfajiri hadi moyo wako uridhike. Kisha urudi saa nane mchana ukiwa na mke au mume wako, na karatasi ya uchunguzi wa hati mkononi.